Duka la Vipuri vya Cherehani Kisumu: Bidhaa Nzuri, na Ujuzi Uliosafiri Nazo

Kwa miaka tisa nimeendesha karakana ndogo ya kushona sare za shule mtaani Manyatta, hapa Kisumu, na katika muda huo nimenunua vipuri vya cherehani katika maduka mengi kuliko ninavyoweza kuyakumbuka. Duka ninaloliandikia tathmini hii liko katika kichochoro kinachotoka Barabara ya Oginga Odinga, nyuma ya safu ya maduka ya vitambaa. Wenyewe wameniomba nisiandike jina lao, nami nimeliheshimu ombi hilo. Anayelihitaji hatapotea, kwa kuwa mafundi cherehani wa Kibuye karibu wote wanalijua. Tangu Januari mwaka jana nimenunua humo mashine moja, mota mbili, ndoano kadhaa (kile kipuri kinachozunguka chini ya sindano na kuudaka uzi) na sindano nyingi, kwa hiyo nisemayo hapa si maoni ya mteja wa siku moja.

Nilifika pale nikiwa na hasara. Dada yangu, ambaye ni muuguzi Marekani, alikuwa amenitumia fedha za kununua mashine ya kiwandani ya mshono ulionyooka, na fedha hizo zilinifikia kwenye simu kabla hata hatujamaliza kuagana. Nilikwenda nazo mji mwingine, kwa muuzaji mwenye maneno matamu, nikarudi na mashine iliyobandikwa jina maarufu ubavuni. Wiki ya tatu ikaanza kuruka mishono. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, nami nilikuwa na marinda 60 ya kukabidhi. Mafundi watatu waliifungua kwa zamu. Kila mmoja akabadilisha sindano, akachukua malipo yake, akaondoka bila kunieleza chanzo cha tatizo. Fedha za dada zilikuwa halisi, lakini hazikuja na mtu wa kuniambia ni nini cha kutazama kabla ya kulipa.

Mzee mwenye duka hakuanza kwa kunitajia bei. Alisema, "Nipe sindano unayotumia, dada, na kipande cha kitambaa unachoshona." Aliilaza sindano juu ya kioo cha kaunta, akaibiringisha polepole kwa kidole, akitazama kama ncha yake inayumba. Haikuyumba. Ndipo akamwita fundi wake mkuu, ambaye aliilaza mashine ubavu, akaondoa kikasha cha bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, akazungusha gurudumu kwa mkono hadi sindano ikafika chini kabisa, kisha akaipandisha kadiri ya milimita 2. Alinishika bega nisogee karibu. Wakati huo, alisema, ncha ya ndoano inapaswa kuwa inapita nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu lake, karibu kuigusa lakini isiiguse, ili iudake uzi unapotengeneza kitanzi. Ndoano yangu ilikuwa bado nyuma. "Ndoano yako inachelewa kufika, mama, na uzi haungoji," aliniambia.

Alilegeza skrubu, akaizungusha ndoano kiasi cha unywele, akakaza tena, na mishono ikarudi. Ningeridhika kwa hilo. Yeye akachukua bisibisi, akakivuruga makusudi kila alichokitengeneza, akaniwekea bisibisi mkononi, akasema nianze mwenyewe. Nilikosea mara mbili, nikapata mara ya tatu. Kisha akapitisha tupa ndogo kwenye ukingo wa ndoano, na tupa ikakila chuma kile kama inavyokula msumari. Chuma kilichokazwa vizuri kwa moto hakikubali tupa, huteleza juu yake. Ndoano yangu ilikuwa ya chuma laini, ncha yake ilikuwa imeanza kuwa butu baada ya wiki tatu tu, na marekebisho yoyote yangedumu kwa siku chache. Niliinunua nyingine pale pale, na marinda yakafika shuleni kwa wakati.

Baadaye nilimuuliza fundi alijifunzia wapi. Ni mzaliwa wa Seme, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akihudumia mashine katika kiwanda cha nguo jijini Leicester, Uingereza. Aliyempokea huko alikuwa ndugu wa mzee mwenye duka. Ukoo wa mzee huyu asili yake ni Gujarat, lakini yeye na nduguze wote walizaliwa Kisumu. Baada ya Kenya kupitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara mwaka 1967, nduguze walikuwa miongoni mwa maelfu waliohamia Uingereza, naye akabaki na duka. Leicester ulikuwa mji wa viwanda vya nguo na soksi, na ndiko walikokimbilia pia wengi wa Waasia ambao Idi Amin aliwafukuza Uganda mwaka 1972 kwa kuwapa siku 90. Kwa hiyo ujuzi uliotoka katika maduka na karakana za Afrika Mashariki ulikwenda kukutana na mashine za Uingereza, na nusu karne baadaye sehemu yake imerudi Kisumu ndani ya mikono ya fundi wa Kijaluo ambaye hana undugu wa damu na ukoo huo.

Upande wa pili wa duka hili uko Guangzhou, China. Mpwa wa fundi alikwenda huko kusoma, akajifunza Kichina, na sasa ndiye anayekwenda mwenyewe kwa watengenezaji wa vipuri kabla fedha hazijalipwa. Nilionyeshwa kwenye simu video aliyoituma mwaka huu: mkono wake unaokota ndoano moja kutoka katikati ya katoni, si ile ya juu iliyotangulizwa na muuzaji, na unaipitishia tupa. Ndoano mbili zilikataa tupa, ya tatu ikaumwa. Katoni ile ilirudishwa. Mimi hapa Manyatta nimelipia huduma ya mkono ule bila kuujua, na nasema wazi kwamba ndiyo bora kuliko zote zinazotolewa na duka hili.

Wanauchumi James Rauch na Vitor Trindade walilichunguza jambo la namna hii katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002 kuhusu mitandao ya Wachina waishio ng'ambo. Walionyesha kwamba mitandao hiyo huongeza biashara baina ya nchi, na kwamba huiongeza zaidi katika bidhaa ambazo hazina bei moja iliyo wazi sokoni. Fundi cherehani yeyote ataelewa sababu. Bei ya kahawa hutangazwa mnadani na kila mtu huisikia. Ndoano ya cherehani haina mnada, na ndoano mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kutofautiana kwa umri wa miaka mitano. Anayeweza kumaliza shaka hiyo ni mtu anayemjua mtengenezaji kule na anayemjua mshonaji huku, na ambaye akidanganya atakosa uso wa kurudi nyumbani.

Kisumu si mgeni wa mambo haya. Reli ilipofika hapa mwishoni mwa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, ilikuwa imejengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na ingawa wengi wao walirudi kwao, wafanyabiashara walikuwa tayari wanaifuata njia ile ile. Allidina Visram, ambaye biashara yake ilianzia Bagamoyo, alifungua matawi hadi Kisumu na Kampala. Hata lugha tunayoitumia inatunza kumbukumbu yao: gari, laki, bima na hundi ni maneno yaliyokuja na watu waliojua kusafirisha, kuhesabu, kukinga mali na kulipana wakiwa mbali. Tena mwaka 2017 Serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii.

Hata hivyo ni lazima niseme jambo ambalo wazee wetu wamelisema kwa uchungu. Ujuzi huo ulikaa karibu nasi miaka mingi bila kuvuka kaunta. Utawala wa kikoloni uliwapanga watu kwa rangi, na katika maduka mengi Mwafrika aliruhusiwa kubeba mizigo na kufagia, lakini daftari la hesabu na barua za muuzaji wa ng'ambo hazikuwekwa mbele yake. Baba yangu mdogo alifanya kazi dukani miaka kumi na minne akatoka hajui bidhaa alizokuwa akizipanga zilinunuliwa kwa nani. Jamii ya wahamiaji inaweza kuishi mahali karne nzima, ikafanya biashara na ikastawi, na jirani yake asijifunze chochote, ikiwa hakuna benchi ambapo wawili hao huinama juu ya mashine moja. Ndiyo maana ninalithamini sana darasa la Jumatano la duka hili. Kila Jumatano alasiri benchi la nyuma huachwa wazi, hakuna malipo, na fundi hufundisha yeyote aliyekuja na mashine yake. Wiki iliyopita nilimkuta mwanamke kutoka Ahero, vijana wawili wa Kondele, na mzee aliyesafiri tangu Busia na kichwa cha cherehani ndani ya gunia.

Kuhusu bidhaa zenyewe, mashine niliyonunua ni Juki DDL-8700 iliyotumika, ambayo kiwandani hupewa uwezo wa kushona hadi mishono 5,500 kwa dakika. Mimi siiendeshi hata nusu ya kasi hiyo, na tangu niilete haijawahi kuruka mshono. Walinishauri niiwekee mota ya sevo badala ya ile ya zamani ya klachi. Mota ya klachi huzunguka wakati wote mashine ikiwa imewashwa, hata ukiwa unapanga kitambaa, ilhali ya sevo huvuta umeme wa maana pale tu unapokanyaga. Tokeni za stima zilizokuwa zikiniishia kwa siku tisa sasa zinakaribia wiki mbili, na karakana imekuwa tulivu hata tunasikilizana.

Kasoro zipo, na mteja mpya azijue. Bei zao ziko juu: ndoano yao inauzwa karibu mara mbili ya zile za vibandani, na mshonaji anayeanza anaweza kushindwa. Mzigo wao huja mara mbili tu kwa mwaka, kwa hiyo Desemba iliyopita, msimu ambao sisi wa sare tunauhitaji kuliko wote, vipuri vya ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, vilikwisha na tukangoja wiki tano. Fundi mkuu asipokuwepo, vijana wa kaunta huuza bila kuuliza maswali. Siku moja nilipewa pakiti ya HA×1, sindano za mashine za nyumbani zenye shina lililobapa upande mmoja, ilhali mashine yangu hutumia DB×1, yenye shina la mviringo. Waliipokea pakiti hiyo siku iliyofuata na kunibadilishia bila mabishano, lakini nauli ya matatu kwenda na kurudi ilikuwa yangu.

Kasoro inayoniuma zaidi ni kwamba hakuna chochote kilichoandikwa. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine ni vya Kichina na Kiingereza, na yale yote fundi anayoyaeleza kwa Kiswahili na Kijaluo safi kabisa hubaki hewani darasa likiisha. Fundi huyo ni mmoja, na umri unakwenda. Benki Kuu ya Kenya hutuhesabia kila mwezi fedha zinazotumwa na Wakenya walio ng'ambo, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, zaidi ya nusu zikitoka Marekani, na ni haki zihesabiwe kwa sababu zimesomesha watoto wengi wa eneo hili, wakiwemo wangu. Miaka kumi na mmoja ya Leicester iliyomo kichwani mwa fundi huyu haimo katika hesabu yoyote, na akiugua kesho hatutakuwa na karatasi hata moja ya kushika. Nimeanza kuandika masomo yake katika daftari la kurasa 96, pamoja na michoro ya mahali pa ndoano na orodha ya sindano za kila mashine, na nimemwomba mzee alipie kuchapishwa kwake. Amesema atafikiri. Nitaendelea kumkumbusha, na ninawaomba wateja wengine nao wamkumbushe.

Ninalipendekeza duka hili kwa kila anayeshona kwa ajili ya riziki, hasa aliyetumiwa fedha na ndugu aliye mbali na anayetaka kununua mashine yake ya kwanza ya kiwandani. Hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na malipo hupokewa kwa fedha taslimu au M-Pesa. Kwa darasa la Jumatano, fika kabla ya saa nane mchana kwa sababu viti ni sita tu. Kama huwezi kubeba mashine nzima, leta ndoano, sindano unayotumia na kipande cha kitambaa unachoshona, kwa kuwa hivyo ndivyo utakavyoulizwa kwanza.