Uzoefu wangu: hosteli ya zamani Mbeya baada ya ukarabati wa kupunguza matumizi ya umeme

Nimeishi katika hosteli hii ya wanafunzi kabla na baada ya ukarabati. Ni jengo la zege lenye paa bapa na veranda ndefu zilizo wazi, mtindo uliopendwa miaka ya 1960 na 1970. Madirisha yake yalikuwa ya luva, yaani vipande vyembamba vya mlalo vinavyofunguka na kufungwa kwa pamoja, ambazo hata zikifungwa kabisa huacha nyufa za kupitisha upepo. Pwani upepo huo ni neema, lakini Mbeya, iliyo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi Juni na Julai ni adha tupu, na ndiyo maana vyumba vingi vilikesha na majiko ya koili yakiwaka, jambo la hatari lililomaliza Luku (umeme wa kulipia kabla) haraka.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya paa na madirisha, wala si taa mpya zinazosifiwa na uongozi. Kuondoa balbu ya wati 60 na kuweka ya LED ya wati 9 ni jambo jema, ila halimwondolei mtu baridi. Juu ya zege la paa mafundi walilaza povu gumu la kuzuia joto lisipotee, kisha wakaezeka bati. Sisi wa ghorofa ya juu, tuliokuwa tukilala na masweta, sasa blanketi moja linatutosha. Madirisha ya alumini yenye mpira pembezoni yamemaliza upepo, na majiko ya koili sasa hayaonekani.

Maji ya kuoga hupashwa kwa jua, na hapa Mbeya mpango huu unafaa mno, kwa sababu miezi ya baridi ndiyo miezi ya anga jeupe. Wakati wa mvua maji huwa vuguvugu tu.

Lalamiko langu ni moja, nalo ni zito. Luva zilipoondolewa, hakuna aliyeweka matundu ya hewa, na wanafunzi wanaoanika nguo chumbani wakiwa wamefunga madirisha wanaona kuvu nyeusi ikiota nyuma ya makabati. Hili linatishia afya, hasa ya wenye pumu, na tundu dogo lenye wavu juu ya kila dirisha lingepunguza sana tatizo bila kurudisha baridi yote.

Kwa anayeomba nafasi, ninashauri achague chumba kinachotazama kaskazini, kwa kuwa mwezi Juni jua hupita upande huo.