Mbolea ya mimea ya kizimba cha kinyonga: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kinyonga wa Yemen hali wadudu peke yao. Majani pia huyatafuna. Maji nayo huyapata kwa kulamba matone yaliyotua juu ya majani hayohayo. Kwa hiyo ukisimama mbele ya rafu ya mbolea, usiulize ipi inakuza haraka. Uliza ipi ikimfika mdomoni haitamdhuru.

Kabla hujatoa pesa, angalia chini ya kizimba. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi chake ni asidi ya yuriki, nayo ina naitrojeni. Kama mimea imeota kwenye udongo wa kizimba chenyewe, wenye wadudu wa kuozesha uchafu, huenda usihitaji kununua kitu. Mwenye vyungu ndiye wa kuendelea kusoma.

1. Mboji ya minyoo. Mimi hununua hii. Virutubisho vyake hutoka taratibu na haiunguzi mizizi. Fungua mfuko unuse: inukie kama ardhi iliyonyeshewa mvua. Ikikupiga harufu ya samadi mbichi, rudisha. Kisha chukua kidogo kiganjani uifikiche. Ukikuta vipande vyeupe vyepesi kama povu, hivyo ni perlaiti, mawe mepesi yanayochanganywa ili kulegeza udongo, na mnyama anaweza kuvimeza. Vijiko viwili vya chakula kwa chungu cha kadiri vinatosha. Vichanganye na udongo, usiviache juu.

2. Mbolea ya maji ya mwani. Ni nyepesi, na hilo ndilo zuri lake. Tumia robo ya kipimo cha kwenye chupa. Mwaka jana nilijifanya mjuzi nikatia kipimo kizima cha mbolea ya maji ya kawaida: ncha za majani ya pothosi, mmea wa kutambaa ninaouweka kizimbani, zikawa kahawia, na ukoko mweupe wa chumvi ukaota ukingoni mwa chungu. Usiipulizie majani kamwe. Toa chungu nje, mwagilia udongo, mwaga maji ya kwenye kisahani, ndipo urudishe kesho yake.

3. Punje za mbolea zinazoachia virutubisho polepole. Hapa nasita. Nyenje akitua juu yake, ulimi wa kinyonga huzoa nyenje na punje pamoja. Ukilazimika, zizike chini kabisa, kisha funika udongo kwa mawe makubwa kuliko kichwa chake.

Yurea, DAP na samadi ya kuku ni za shambani. Yurea na samadi hiyo hutoa amonia, na kasha la kioo halina upepo wa kuiondoa. Samadi mbichi huongeza na vijidudu vya salmonela.

Mche mpya wa kitaluni nao huja na punje zake mizizini, pengine na dawa ya wadudu iliyokwisha kunywewa na majani. Osha mizizi, badilisha udongo wote, uuweke nje ya kizimba wiki kadhaa. Ukiweza, kata tawi la pothosi ya jirani asiyepiga dawa, ulitie kwenye glasi ya maji hadi litoe mizizi.