Kusoma nyaraka za lugha za programu kwenye terminali: uzoefu wangu na go doc, pydoc na zana niliyojitengenezea

Kila siku ninaandika programu kwa Go na Python, na swali linalonirudia mara nyingi kuliko yote ni jepesi kabisa: fanksheni hii inapokea nini, na inarudisha nini? Jibu huwa limeshaandikwa. Kinachochosha ni njia ya kulifikia. Unaacha kihariri, unafungua kivinjari, unapita kwenye matokeo ya utafutaji ambayo mara nyingi yanakupeleka kwenye nyaraka za toleo la zamani, na ukirejea kwenye msimbo wazo ulilokuwa nalo limekwisha kukatika. Kwa sababu hiyo nimehamishia usomaji wangu karibu wote kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwanza kwa kutumia zana zinazokuja pamoja na lugha zenyewe, kisha kwa kutengeneza zana yangu ndogo pale ambapo zana hizo zinaishia.

Ninayoipenda kuliko zote ni go doc, zana ya nyaraka inayokuja na Go. Ukiandika `go doc strings.Cut`, unaonyeshwa jina la kifurushi (package), kisha tamko la fanksheni katika mstari mmoja: inapokea `s` na `sep`, inarudisha `before`, `after` na `found`. Chini yake kuna sentensi chache zinazoeleza kwamba matini hukatwa pale `sep` inapoonekana mara ya kwanza, na kwamba isipoonekana kabisa utarudishiwa `s` yote, tungo tupu (matini isiyo na herufi yoyote) na `false`. Basi. Hakuna utangulizi, hakuna kingine cha kupita kabla ya kufika kwenye jibu. Ukiandika `go doc strings` peke yake unapata muhtasari wa kifurushi chote, kila fanksheni katika mstari wake, na hapo ndipo ninapogundua mara nyingi kwamba kazi niliyotaka kuiandika kwa mkono tayari ina fanksheni yake. Ukitaka kuona ndani, `go doc -src strings.Cut` inakuletea msimbo wenyewe.

Mambo mawili madogo yanaonyesha kwamba waliobuni zana hii waliifikiria vizuri. La kwanza ni kwamba huhitaji kuandika njia kamili ya kifurushi: `go doc json.Decoder` inatosha, nayo inajua kwamba unamaanisha `encoding/json`. La pili ni kwamba herufi ndogo unazoandika kwenye jina la fanksheni hulinganishwa na ndogo na kubwa pia, kwa hiyo si lazima ukumbuke ni wapi Go imeweka herufi kubwa. Zaidi ya hayo, inasoma maelezo yaliyoandikwa juu ya kila tamko katika msimbo wako mwenyewe sawasawa na inavyosoma maktaba ya kawaida. Tangu nianze kuitumia, maelezo ninayoyaandika katika vifurushi vyangu yamekuwa bora, kwa kuwa ninajua kwamba mimi mwenyewe nitayasoma kwenye skrini hiyo hiyo. Udhaifu wake ni mmoja tu wa kutaja: lazima ulijue jina, au angalau kifurushi. Haitafuti kwa maana.

Pydoc, ambayo ni zana ya namna hiyo kwa Python, ni ya zamani zaidi; imo katika maktaba ya kawaida ya Python tangu toleo 2.1 la mwaka 2001. Ninaiita kwa `python3 -m pydoc`, si kwa jina lake tupu, ili niwe na hakika kwamba inayojibu ni Python ile ile itakayoendesha programu yangu. Hapo ndipo ilipo thamani yake kubwa. Chukua `str.removeprefix`, ambayo iliongezwa katika Python 3.9. Kwenye mashine yenye 3.9 au zaidi, `python3 -m pydoc str.removeprefix` inakupa maelezo. Kwenye mashine yenye 3.8 inakuambia kwamba hakuna nyaraka za jina hilo. Jibu hilo la pili ni la manufaa sawa na la kwanza, maana linakuokoa usiandike msimbo utakaoanguka ukifika kwenye seva. Ukurasa wa mtandaoni unaeleza toleo ambalo mwandishi wake alikuwa nalo, ilhali pydoc inaeleza ulilonalo wewe, pamoja na maktaba zilizosakinishwa katika mazingira yako pepe (virtual environment). Inajua pia maneno ya lugha yenyewe, hivyo `python3 -m pydoc with` inafungua sehemu ya mwongozo wa lugha inayohusu neno hilo.

Hata hivyo, kwa moduli na fanksheni, pydoc inaonyesha tu maelezo yaliyopachikwa ndani ya msimbo. Sura ndefu zilizoandikwa kwa ajili ya msomaji hazimo. Ukitaka jedwali kamili la alama za `strftime`, yaani `%U` ni nini na `%j` ni nini, hutalipata humo. Swichi ya `-k`, ambayo mtu angetarajia itafute kila mahali, inatazama mstari wa muhtasari wa kila moduli tu. Lipo pia jambo moja la kutahadhari nalo: ili kuieleza moduli, pydoc huipakia, na kuipakia ni kuendesha msimbo wote ulio nje ya fanksheni. Faili lisilokuwa na kinga ya `if __name__ == "__main__":` litaanza kufanya kazi yake pale ulipotaka kulisoma tu. Usiielekeze pydoc kwenye faili usilolijua.

Nimetumia pia nyingine, ingawa si kila siku. `perldoc -f splice` inakupeleka moja kwa moja kwenye fanksheni ya ndani ya Perl bila kukuonyesha mwongozo mzima. `ri` ya Ruby inatenganisha vizuri `Array#each`, ambayo huitwa juu ya kitu, na `Array::new`, ambayo huitwa juu ya darasa. Na `man` yenyewe, ambayo kurasa zake zinatokana na mwongozo wa Unix wa mwaka 1971, bado ndiyo rejea ninayoiamini kwa lugha ya C, ilimradi ukumbuke namba ya sehemu: `man printf` inaleta amri ya ganda (shell), `man 3 printf` inaleta fanksheni. Tldr ni nzuri sana kwa mifano ya amri, lakini haikukusudiwa kwa fanksheni za lugha. Cheat.sh inajibu kupitia `curl` na inajua lugha nyingi, ila bila mtandao haikusaidii.

Pengo lililobaki kwangu lilikuwa sura ndefu za Python, nje ya mtandao, kwa jina la fanksheni, na katika toleo sahihi. Ndilo lililonifanya nitengeneze zana yangu. Nyaraka za Python hujengwa kwa Sphinx, programu ya kutengeneza kurasa za nyaraka, na Sphinx ikitoa kurasa za HTML huandika pembeni yake faili liitwalo `objects.inv`. Mistari yake minne ya kwanza ni maandishi ya kawaida: toleo la muundo wa faili, jina la mradi, toleo la mradi, na mstari unaosema kwamba yanayofuata yamebanwa kwa zlib. Ukiyafungua unakuta faharasa ya kila jina lililoelezwa, aina yake na ukurasa wake hadi kwenye nanga, yaani mahali hasa ndani ya ukurasa. Anwani inayoishia na alama ya `$` maana yake jina lenyewe lirudiwe pale. Nililisoma faili hilo, nikaiweka faharasa kwenye hifadhidata ya SQLite, na kuanzia hapo kulitafuta jina kukawa ni kazi ya papo hapo. Mstari wa toleo nao nauthamini: zana inaulinganisha na Python iliyopo kwenye mashine, na vikitofautiana inalisema hilo juu kabisa, kabla ya maelezo yoyote.

Docset, yaani mafurushi ya nyaraka yanayotumiwa na Dash na Zeal, programu za kusomea nyaraka nje ya mtandao, zina mpangilio unaokaribiana na huo. Ndani ya kila moja kuna faili la SQLite liitwalo `docSet.dsidx` ambalo kwa kawaida lina jedwali la `searchIndex`, lenye safu za jina, aina na njia ya ukurasa. Kwa mtu anayetaka lugha nyingi kwa mpigo, hiyo ndiyo njia fupi zaidi, kwa kuwa kazi ya kutengeneza faharasa imekwisha kufanywa na wengine.

Kazi ngumu haikuwa kutafuta bali kupanga matokeo. Mtumiaji akiandika `open`, faharasa ina `open` yenyewe, `os.open`, `gzip.open`, `codecs.open`, `tarfile.open`, `webbrowser.open`, `pathlib.Path.open` na nyingine kadhaa. Ukizionyesha zote umemrudisha kwenye ukurasa wa matokeo alioukimbia. Nilichoamua ni kwamba jina linalofanana kabisa ndilo lifunguliwe, na mengine yaorodheshwe chini katika mstari mmoja; lisipokuwepo, yafuate yanayoishia na neno hilo baada ya nukta, kisha yanayoanza nalo, na mwisho kabisa yale yanayokaribiana kwa tahajia. Mpangilio huo rahisi umenifaa kuliko utafutaji wa matini yote nilioujaribu sambamba nao, kwa sababu neno kama `open` limetapakaa kila ukurasa na kuhesabu mara lilizotajwa hakukwambii mtu anataka nini.

Ugumu wa pili ulikuwa kuonyesha. Maelezo ya `str.split` yako ndani ya ukurasa wa aina za msingi, ambao ni mrefu mno, na kuumwaga wote kwenye skrini hakumsaidii mtu. Zana yangu inatafuta `dt` (lebo ya HTML inayobeba tamko) yenye kitambulisho cha jina hilo, inachukua tamko pamoja na `dd` inayoifuata, yenye maelezo, na kuacha mengine. Aya za kawaida inazipanga upya kwa upana wa dirisha, lakini yaliyo ndani ya `pre`, lebo ya mifano ya msimbo, haiyagusi hata nafasi moja, kwa kuwa mfano wa Python uliopoteza nafasi za mwanzo wa mstari si mfano tena. Matokeo hupitishwa kwa `less -FR`, programu ya kusoma maandishi skrini kwa skrini: jibu likitosha kwenye skrini moja, `less` inajifunga na kuliacha palepale juu ya mstari unaoandikia, na likizidi unalisogeza mwenyewe. Matokeo yakielekezwa kwa programu nyingine, kama `grep`, rangi zinaondolewa na `less` haiitwi kabisa. Jina lisipopatikana, zana inamaliza kwa namba isiyo sifuri, ishara ya kushindwa, ili hati (script) nyingine iweze kulijua hilo.

Kwa anayefanya kazi kwa Go peke yake, sioni sababu ya kutafuta kitu zaidi ya go doc. Kwa Python, ningemshauri mtu aanze na `python3 -m pydoc` na aizoee kwanza, kwani maswali mengi ya siku yanaishia hapo. Anayehitaji sura ndefu na lugha nyingi bila kuandika chochote ajaribu dedoc, ambayo hupakua nyaraka za DevDocs, tovuti inayokusanya nyaraka za lugha nyingi, na kuzionyesha kwenye terminali. Na anayetaka kutengeneza yake, kazi yake nyingi na aiweke kwenye faharasa na kwenye mpangilio wa majina. Rangi na mapambo ya skrini vinaweza kusubiri.