TAHADHARI: anayeuza "udongo wa mimea ya tangi" kwa gunia ni tapeli, msimtumie hata shilingi

Jamani, naandika hapa kwa hasira, na aibu pia ipo, sitaificha. Mnaonijua mnakumbuka yaliyolipata tangi langu la kwanza la samaki, sirudii. Hili ni la pili, la lita 60, lile alilokuja nalo shemeji. Nilishaapa kuwa hili nitalipanda mimea sawasawa, valisneria nyuma, amazon sword katikati, hakuna tena kokoto za rangi.

Na msinione mjinga. Nilisoma kabla ya kununua. Kule Uingereza wafugaji samaki wasio na pesa nyingi wamezoea kutumia mchanga wa paka wa bei rahisi chini ya tangi, ule mchanga wanaowekewa paka wa ndani wajisaidie. Lakini si wowote. Ni ule wa udongo uliochomwa kwa moto mkali, na unaosifiwa zaidi ni wa moler, udongo wa Denmark kutoka visiwa vya Fur na Mors. Ukishachomwa haurudi tope. Ni kama chetezo cha udongo, hata ukikiloweka mwaka mzima kitabaki chetezo. Chembe zake zina matundu madogo madogo, zinanyonya mbolea na kuishika, mizizi inajichotea polepole. Hata wanaopanda ile miti midogo ya bonsai wanautumia. Kwa hivyo huyu muuzaji aliponiambia "kaka, huu ni moler, umechomwa, ndio ule wa Waingereza", mimi nilisikia mtu anayeongea lugha yangu. Tapeli wa kawaida hajui neno moler. Huyu analijua, na ndiyo hatari yake.

Jina silitaji hapa. Anasema yuko upande wa Malindi. Bei, shilingi 3,200 kwa magunia mawili ya kilo tano tano, nauli ya basi juu yangu. Akanitumia video, mkono wake unachota chembe, unazitia ndani ya gilasi ya maji, anakoroga kwa kijiko, maji yanabaki safi, hayana tope. Niliitazama ile video mara nne. Nikamwonyesha na mke wangu, akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua." Nikatuma pesa palepale, nimekaa barazani, hata chai haijapoa.

Mzigo ukapita Garsen, ukapita Witu, ukashuka Mokowe, ukavuka na boti mpaka kwetu Lamu. Nikaupokea gatini mwenyewe, nikaubeba begani kama mtu aliyetoka Hijja na zamzam.

Sasa sikilizeni. Gunia jeupe la nailoni, halina maandishi hata herufi moja, mdomo umeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule ulishonwa kwa mkono, mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Niliuona. Nikaukata kwa kisu cha samaki, ikanitoka harufu ya maua, ile ya sabuni ya kufulia. Chembe za kijivu, na vumbi lake likanikaa kwenye nyusi. Nikampigia, hakushika. Akaniletea sauti: "Hiyo harufu ya kiwandani tu, kaka, maji yataitoa. Na usisuuze sana, utaosha rutuba yote."

Usisuuze sana! Kila nilichokisoma kilisema udongo huu suuza, suuza mpaka mkono uchoke, na mimi kwa neno moja la mtu nisiyemjua nikaacha kusuuza. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimechoka, ilikuwa baada ya Isha, na kumwaga maji ya kisima mara kumi usiku nilikuona uvivu. Hiyo ndiyo kweli yenyewe.

Nikamwaga magunia karibu yote, nikabakisha kama nusu ya lile la pili. Ukaja unene wa vidole vitatu, umelala vizuri. Nikaweka sahani juu yake nisiutibue, nikamimina maji taratibu kwa kata. Maji yakawa kama tui la kwanza. Nikasema litatulia. Nikapanda mimea, vidole vinaingia laini mno, kama naupapasa unga uliolowa, nikajiambia huo ndio ubora. Nikawasha filta, kile chombo cha kuchuja maji. Na kwa ujinga wangu nikawarudisha gapi wangu, wale samaki wadogo, kumi na wawili usiku uleule, maana ndoo yao ilikuwa inatakiwa.

Adhana ya alfajiri ikanikuta nimesimama mbele ya tangi. Wallahi sikulitambua. Ule udongo wa vidole vitatu ulikuwa umefura mpaka nusu ya kioo, mlaini, unang'aa, na mapovu makubwa yamekwama ndani yake kama ugali unaotokota. Valisneria zote zimetoka, zinaelea. Filta inaunguruma haivuti kitu, ukiigusa ina moto. Samaki tisa wamelala ubavu juu ya maji. Nilimshika mmoja, yule dume wa mkia wa chungwa ambaye binti yangu alimpa jina la babu yake, nikamfungua matamvua kwa ukucha. Yamejaa ute wa kijivu. Amezibwa pumzi.

Nikauchota kwa upawa, ndoo kwa ndoo, nikaumwaga kwenye mfereji wa uchochoroni. Kosa la pili. Ukafura na huko. Kabla ya saa tatu maji ya nyumba tatu yamesimama, jirani yangu, mtu mzima, namheshimu, yuko mlangoni na suruali imekunjwa, ananiuliza nimemwaga saruji au nini. Tukauzibua kwa fito mpaka adhuhuri.

Hata hapo bado sikujua nimeuziwa nini. Nilidhani nimekosea mimi. Mpaka jioni.

Ile nusu ya gunia nilikuwa nimeiacha dakani, pale mlangoni, mdomo wazi. Mnajua mji wetu huu, paka ni wengi kuliko watu, na hakuna aliyewahi kuwanunulia mchanga, wana vichochoro vyote na ufuo mzima. Akaja paka mmoja, yule mwembamba mwenye sikio lililokatika. Akanusa. Akaingia ndani ya gunia, akachimba, akakaa mkao ule, macho kayafumba nusu. Alipotoka nikachungulia. Pale alipokojoa pamegandamana, donge moja gumu kama andazi. Watu wa barazani wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza, "Kumbe umewajengea choo?"

Ndipo nikafahamu. Ni mchanga wa paka kweli, lakini ule unaoshikana, wa udongo uitwao bentoniti, usiochomwa. Kazi yake yote ni kunywa maji na kufura na kugandamana. Wachimba visima huutumia bentoniti kuzibia! Mimi nimeutia ndani ya tangi la samaki.

Nikampigia. Akashika mara moja, akasema, "Wewe si ulitaka mchanga wa paka?", akakata. Tangu hapo amenizuia.

Sitaki mtu aniambie nisamehe. Nataka akamatwe. Kuna sheria ya makosa ya mitandao tangu 2018, utapeli umo, na nimeshahifadhi sauti zake zote na ujumbe wa malipo. Na kama ingekuwa kwangu, angeletwa Ijumaa akakalishwa uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome watu wakitoka msikitini, gunia lake mapajani, upawa wangu mkononi, aeleze mwenyewe kila anayepita huu ni moler wa wapi. Kisha asuuze. Asuuze magunia yote aliyonayo, mpaka maji yatoke safi, na wallahi hayatatoka mpaka Kiyama.

Dalili? Zilikuwepo. Gunia halina lebo. Harufu. Hataki kupigiwa kwa video. Na ile video yake, nilipoitazama mara ya tano, chembe za kwenye gilasi ni za rangi ya waridi, zangu ni za kijivu. Yeyote akikuuzia udongo wa tangi, mwambie akutumie konzi moja kwanza, uiloweke gilasini usiku kucha. Ukibaki chembe, nunua. Ukiwa uji, mrudishie uji wake. Ni jambo la gilasi moja na sikulifanya, nisiulizwe zaidi.

Mwenye picha yake ya wazi anitumie faraghani. Kuna wengine wawili waliotapeliwa mpaka sasa, mmoja yuko Malindi hukohuko, wote uzi mwekundu.

Gapi watatu wamepona, wako kwenye sufuria ya biriani, na mke wangu anaitaka sufuria yake kabla ya Alhamisi. Ile nusu ya gunia bado iko dakani. Sikio Katika anaingia na kutoka kama amelipa kodi.