Miche ya stafeli na topetope vitaluni Mwanza: upi ununue, upi uuache

Kati ya miche ya matunda inayouzwa kando ya barabara pande za Igoma na Buhongwa, wa stafeli ndio unaostahili pesa yako kwanza. Mti huu unapenda joto, na kwa Mwanza, mita kama 1,140 juu ya usawa wa bahari, unakua bila kubembelezwa. Unaofuata ni topetope: mti mfupi, unaofaa hata uwanja mdogo. Cherimoya, ndugu yao mwenye asili ya milima ya Andes, hupenda ubaridi. Waachie wenye mashamba ya mlimani.

Kasoro kubwa vitaluni ni miche kuchanganywa. Jani la stafeli ni gumu, linang'aa kama limepakwa mafuta, na ukilifikicha linatoa harufu kali. La topetope ni jembamba na limefifia. Kagua kabla hujalipa. Kisha pindua kiriba, yaani mfuko wa mche: kama mzizi mkuu umetoboa chini ukakatwa, au umejiviringa ndani, uache. Mti huo utakuja kulazwa na upepo wa ziwani siku umebeba matunda. Chungulia na chini ya majani. Unga mweupe wenye sisimizi ni wadudu waitwao vidung'ata, utavipeleka nyumbani mwenyewe. Ukiambiwa mche umebebeshwa, yaani umeunganishwa na kikonyo cha mti mwingine, dai kuona kovu la kiungio. Stafeli ya mbegu nayo si hasara, maana huanza kuzaa mwaka wa 3 hadi wa 5.

Maelezo ya kupanda wanayotoa wauzaji ni sahihi: shimo la sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza vizuri, mita 5 kati ya mti na mti, mvua za vuli zikishakolea. Kwenye kichanga cha miambani weka matandazo, ila yasiguse shina, mchwa wasije wakapanda. Kwenye mbuga nyeusi inua tuta kwanza. Maji yakituama mizizi inaoza.

Wasichokuambia ni habari ya maua. Ua la stafeli huanza likiwa jike, na chavua yake humwagika baadaye, wakati lenyewe halipokei tena. Wanaohamisha chavua ni mbawakawa wadogo, na wakiwa wachache utapata matunda madogo yaliyopinda upande mmoja. Wengi hukimbilia kuongeza mbolea, kumbe tatizo ni chavua. Kung'uta ua linalomwaga chavua juu ya kikopo kikavu, kisha asubuhi na mapema chukua brashi laini, uipake katikati ya ua linaloanza kufunguka, kuzunguka pande zote. Ukipaka upande mmoja tu, tunda litapinda vilevile.

Vuna miiba ya tunda ikishatawanyika, ngozi nayo ikipoteza mng'ao. Ukisubiri lilainike mtini, popo watakutangulia. Mbegu zina sumu, kwa hiyo zitoe zote kabla ya kutia nyama ya tunda kwenye blenda.