Moshi mpaka Pangani kwa Noah ya kukodi na watoto watatu: uzoefu wangu

Kabla hujauliza bei ya gari la kukodi la kwenda pwani na watoto, fungua mlango wa nyuma, pitisha mkono kati ya kikalio na mgongo wa kiti, tafuta mkanda. Uvute mpaka utoke wote, uufunge, uutikise. Mimi niliuliza bei kwanza, nikalipa advansi, na mikanda nikaikumbuka siku ya safari saa kumi na moja alfajiri, mizigo iko barazani na watoto wameshavaa viatu.

Tunaishi Majengo, hapa Moshi. Wa kwanza ni binti wa miaka saba, wa pili mvulana wa miaka minne, kitinda mimba ana miezi kumi na minne. Kwa miaka miwili tulikuwa tunawaahidi bahari. Kigari chetu hakitutoshi sote na mizigo, na basi la Tanga haliwezi kumsubiri mtoto aliyeshikwa na haja Hedaru. Tukaamua kukodi Toyota Noah yenye dereva kwa siku tano, shilingi 130,000 kwa siku, mafuta juu yetu. Ofisi yenyewe sitaitaja. Kwa simu niliuliza mara mbili kama kiti cha mtoto kipo, na mara zote mbili nikajibiwa, "Kipo mama, ondoa shaka."

Gari lilifika kwa wakati. Yaliyo mema niyaseme: lilikuwa safi, tairi zote zina meno, spea imejaa upepo, kiyoyozi kinapuliza mpaka siti ya nyuma kabisa. Ila kiti cha mtoto hakikuwemo. Na mikanda ya nyuma haikuonekana hata mmoja, kwa sababu viti vilikuwa vimevalishwa kava nene zilizoshonwa za kubana, na mikanda imezikwa chini yake.

Dereva, mtu wa makamo mwenyeji wa Same, alipiga simu ofisini mbele yetu. Jibu nililisikia mwenyewe: "Si mama yake atampakata? Wengine wote wanapakata." Nilikasirika mpaka nikatetemeka. Mtoto wa kilo kumi, gari likiwa kwenye mwendo wa 80 likasimama ghafla, hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia, hata uwe na nguvu za mbeba magunia. Na sisi tulikuwa na zaidi ya kilomita 300 za lami ya malori mbele yetu.

Dereva hakubishana na mtu. Alikata simu, akatoa bisibisi kwenye droo ya gari, akaniambia, "Mama, nipe nusu saa." Akapiga magoti kwenye sakafu ya gari, taa ya simu ikiwa mdomoni, akaanza kuvua kava moja baada ya jingine. Mkanda wa kwanza ulitoka na makombo ya biskuti za watoto wa watu. Wa pili sehemu ya kuchomekea ilikuwa imezama chini ya kiti, akaivua kwa vidole viwili kama mtu anayetoa mwiba. Wa tatu ulikuwa umekatika, akauacha. Wa nne ulikuwa mgumu. Akauvuta na kuuachia, akauvuta na kuuachia, mpaka ukakubali. Baba yao alimshikia taa ya pili. Mimi nilikwenda kupiga hodi kwa jirani, mama ambaye wajukuu wake wa Dar humtembelea kila Desemba, nikamwomba kiti cha mtoto alichokiweka stoo. Alinipa akiwa bado na kanga ya kulalia, na vumbi la kiti akalifuta kwa kanga hiyo hiyo.

Tuliondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini.

Tulichagua wiki ya tatu ya Desemba, na hapo nina neno kwa wanaofikiria kufanya hivyo. Ni wakati ambao watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kwa Krismasi, "kuhesabiwa" kama utani unavyosema. Kuanzia Njia Panda ya Himo mpaka Korogwe, upande wa kupanda ni mabasi na magari madogo yamefuatana, mengine yanapita mengine kwenye kona yanakuja upande wako. Upande wetu wa kushuka ulikuwa na nafasi, lakini dereva alikuwa anaendesha kwa ajili ya wale wa mbele kuliko kwa ajili yetu. Kwenye vijiji alishuka mpaka 50 bila kusubiri kuonyeshwa tochi na trafiki. Ukikodi mwezi huo, dereva mtulivu ni wa thamani kuliko gari jipya.

Utaratibu wake ulituokoa: kila baada ya saa moja na nusu alisimama, watoto wawe wamelala au wako macho, wawe wameomba au hawakuomba. Mvulana wetu hutapika garini. Tulimnusisha ndimu tangu Mwanga, tukamkalisha aone mbele, akavumilia mpaka Makanya, pale yakamshinda. Dereva alikuwa ameshaegesha chini ya kivuli kabla sijamaliza kusema "kaka, simama". Alitoa dumu la maji la kwake mwenyewe, akamnawisha uso, akamwambia, "Anko naye alipokuwa mdogo alitapika hapa hapa." Sijui kama ni kweli, lakini mtoto alicheka na kuanzia hapo akawa anamwita anko mpaka safari ilipokwisha.

Baada ya Same njia inakuwa kavu na ya joto. Milima ya Upare iko mkono wa kushoto, mibuyu inaanza, halafu mashamba ya mkonge yenye mistari iliyonyooka hata binti akadhani ni mananasi. Baba yao akamweleza kwamba mkonge si mmea wa kwetu, uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na ndio uliojenga Tanga. Tulikula Mombo: wali, maharage, samaki wa kukaanga, na choo kilikuwa na maji. Kwa mzazi mwenye mtoto wa nepi, choo chenye maji ni habari kubwa. Segera tukakata kushoto kuelekea Tanga, Muheza tukanunua machungwa yenye ganda la kijani ambayo ndani ni sukari tupu, tukaingia Tanga saa kumi jioni. Zaidi ya saa tisa, wakati gari la watu wazima linatumia kama sita. Ningekuwa na siku moja zaidi ningelala Korogwe.

Tanga mjini tulikaa siku mbili. Watoto walipenda Raskazone na walipenda Ngamiani, ambako mitaa ina namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Binti alikuwa anasoma vibao kwa sauti huku wapanda baiskeli wakitupita pande zote. Mapango ya Amboni yako kaskazini ya mji, si mbali, na yanafaa kwa mtoto wa miaka saba asiyeogopa giza. Kuna popo, harufu yao, na mahali pa kuinama. Wa miaka minne alinishika shingo mwanzo mpaka mwisho, na kitinda mimba alibaki nje na baba yake. Ningejua ningewaacha wote wawili nje. Nilichokipenda pale ni mwongozaji, kijana aliyekuwa anasimama kila mara kumulika chini miguu ya watoto ipite.

Jambo moja kwa wenzangu wa Moshi na Arusha, na hili nalisema kwa uzito. Watoto wetu wamekulia kwenye baridi ya mlima na miili yao haijaizoea malaria kama ya watoto wa pwani. Nyumba ya wageni tuliyofikia Tanga ilikuwa na chandarua chenye matundu matatu makubwa. Nilikuwa nimebeba cha kwangu chenye dawa na kamba. Beba chako. Na ukirudi nyumbani, homa yoyote ndani ya wiki kadhaa, mtoto apimwe, usianze na dawa ya mafua.

Siku ya tatu tukaenda Pangani, kilomita kama 50 kusini. Barabara ilikuwa bado inajengwa, vipande vya lami na vipande vya vumbi. Njiani tulisimama Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya zamani, dakika ishirini tu kwa sababu jua lilikuwa kali na hakuna cha mtoto kugusa.

Pangani yenyewe ndiyo niliyoifuata. Pwani yote ingekuwa bahari tu kwa watoto wangu, lakini Pangani kuna mto, na mto ule ni wetu. Maji yanayoshuka Kilimanjaro na Meru yanaingia Kikuletwa na Ruvu, yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanatembea mamia ya kilomita mpaka pale. Tulipovuka daraja la Hale dereva alipunguza mwendo nikawaonyesha: huyu ndiye, anakwenda tunakokwenda. Kwa hiyo walipofika kwenye ukingo karibu na kivuko cha Bweni walikuwa wanamsubiri kama mgeni.

Tulikuwa tumekunywa madafu. Mvulana akaomba kifuu, akakitupa mtoni, akasimama kukiangalia kikienda baharini. Hakikwenda. Kilisita, kikazunguka mara moja, kisha kikaanza kupanda, polepole, kuelekea tulikotoka. Akanigeukia. "Mama, mto unarudi Moshi?" Mzee aliyekuwa anashona nyavu karibu yetu aliweka sindano chini. "Maji yanajaa, mwanangu. Bahari inaingia ndani. Njoo jioni maji yakipwa, utakiona chako kinashuka." Akatueleza kwamba siku zile ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwamba watoto wasiingie kuogelea karibu na mlango wa mto kwa sababu mkondo unavuta hata mtu mzima. Kwa onyo hilo pekee nilimshukuru kwa mikono miwili.

Jioni tulirudi. Kifuu hatukukiona, lakini vifuu vingine vilikuwa vinashuka, na mvulana aliamua kwamba cha kwake kilikuwa cha tatu.

Kisiwa cha Maziwe hatukwenda. Watu wengi watakwambia ni lazima. Ni fungu la mchanga lisilo na kivuli na maji yakijaa linafunikwa lote, kwa hiyo unakwenda na kurudi kwa saa za bahari, si kwa saa za mtoto. Nahodha alikuwa na majaketi ya kuokolea, ya watu wazima. La mtoto hakuwa nalo. Baada ya yale ya mikanda sikutaka kusikia tena "atapakatwa". Tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni badala yake, tukashinda ufukweni maji yalipopwa, watoto na yeboyebo miguuni kwa sababu ya vidude vya miiba kwenye miamba. Walijenga Kilimanjaro ya mchanga, bahari ikaibomoa, wakajenga nyingine. Kwa watoto wa umri huu hiyo inatosha kabisa.

Tulirudi Moshi siku ya tano bila tatizo la gari hata moja. Tatizo lilitusubiri ofisini. Wakati wa kulipa kilichobaki tuliambiwa posho ya dereva ya kulala haikuwa ndani ya bei, wakati kwenye simu nilihakikishiwa kila kitu kimo. Sikuwa na maandishi. Tulilipa, kwa sababu dereva ndiye angekosa, na nilihakikisha inaingia mkononi mwake nikiona. Kuhusu kiti cha mtoto sikuombwa hata radhi. Nilipowaambia waache mikanda nje ya kava, walisema wateja wanapenda viti viwe nadhifu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni mbili. Noah ya kukodi na dereva kwa safari ya watoto wadogo, ndiyo, tena sana, kuliko basi na kuliko kujibana kwenye gari dogo. Ofisi hii, hapana, mpaka watakapobadilika. Taka maelewano kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu: mafuta, posho, kiti, saa ya kuondoka. Nenda ukalione gari siku moja kabla, mchana, na mtoto mmoja mkononi umfunge mkanda hapo hapo.

Kiti cha jirani nilikiosha nikamrudishia na machungwa ya Muheza. Cha kwetu nimekipata mtumba, mkanda wake mzima, kipo juu ya kabati. Na namba ya dereva ninayo. Amesema Juni ana nafasi, kama tutatumia gari la ndugu yake lisilo na kava.