Mashine ya mahudhurio: ipi ya kununua kwanza, ipi ya kuacha dukani

Kabla ya kuuliza bei, nenda ukasimame mlangoni pa kazi dakika kumi kabla ya muda wa kuanza, uangalie watu wanavyoingia. Wanapita mlango mmoja au mitatu? Mikono yao ikoje: mikavu, ina mafuta, imeshika ndoo? Wanafika mmojammoja au kwa mkupuo? Piga na hesabu. Watu 60 wakitumia sekunde 5 kila mmoja, foleni ni ya dakika 5, na wa mwisho ataandikwa kachelewa ingawa alikuwa hapo tangu mapema. Huyo hana kosa lolote, lakini mwisho wa mwezi ndiye atakayekatwa.

Mpangilio huu nimeupanga kwa kipimo kimoja: je, rekodi ni ya kweli kiasi kwamba mwajiri na mfanyakazi wote wawili wanaweza kuiamini?

1. Mashine ya kidole inayokubali pia kadi na namba ya siri

Kwa sehemu ya kazi yenye jengo moja na mlango mmoja au miwili, anza na hii. Inazuia lile tatizo kongwe la mtu kumsainia mwenzake, na haihitaji kila mtu awe na simu.

Ila elewa inavyofanya kazi. Haimtambui mtu; inapima mistari ya ngozi, pale inapokatika na pale inapogawanyika, kisha inalinganisha na vipimo ilivyohifadhi. Mistari ikilika, haina cha kupima. Saruji huila, sabuni kali huila, na umri nao huipunguza. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo mama wa usafi alikuwa anafuta kidole gumba kwenye aproni, anabonyeza, mashine inakataa, anafuta tena, inakataa. Mwisho wa mwezi alikatwa mshahara wa siku tatu, siku ambazo sote tulimwona akipiga deki korido. Mashine ile ilikuwa ya kidole peke yake. Ndiyo maana nasisitiza kadi na namba ya siri viwemo humohumo. Na wakati wa kusajili, chukua angalau vidole viwili kwa kila mtu, kimoja kila mkono, maana plasta kwenye jeraha dogo tu inatosha kumzuia mtu.

Kuwa na kadi na namba ya siri kuna faida nyingine, ya kisheria. Kidole si nenosiri. Vipimo vyake vikivuja huwezi kumpa mtu kingine kipya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, inaweka taarifa za aina hii kwenye kundi linalolindwa zaidi, na jimbo la Illinois huko Marekani tangu 2008 linataka mtu akubali kwa maandishi kabla hajachukuliwa alama. Soma sheria ya nchi yako kabla ya kusajili hata kidole kimoja. Asiyetaka kutoa alama zake apewe kadi, na asisumbuliwe.

2. Programu ya simu yenye kuonyesha mahali

Kama watu wako ni wa kuzunguka, yaani mafundi, wasambazaji, walinzi wa vituo mbalimbali, ipandishe hii iwe ya kwanza. Mfanyakazi anabonyeza akifika, simu inarekodi saa na mahali.

Wengi hukosea kwenye ukubwa wa eneo linaloruhusiwa. Nje penye anga wazi GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoiambia simu iko wapi, hukosea mita chache tu, lakini ndani ya jengo la zege au katikati ya maghorofa inaweza kukosea makumi ya mita. Ukiweka duara la mita 20, utawatangaza watoro watu waliokaa kwenye viti vyao. Weka mita 100, kisha punguza taratibu ukiona inafaa. Muulize muuzaji kama programu inagundua simu iliyodanganywa mahali, kwa sababu programu za kudanganya GPS zipo na ni rahisi kuzipata.

Sharti langu lingine ni kwamba irekodi mahali wakati wa kuingia na kutoka tu. Inayomfuata mtu siku nzima, hadi nyumbani kwake, usiinunue hata ikiwa bure. Na kama mnatumia simu za wafanyakazi wenyewe, mwajiri alipie data.

3. Mashine ya kutambua uso

Inafaa pale ambapo mikono haiwezi kugusa mashine: jikoni, maabara, karakana. Ni ya haraka pia. Chagua yenye mwanga wa infraredi ili ifanye kazi hata gizani, na usiifunge ikielekea jua la asubuhi. Ukiwa dukani, ielekezee picha ya mtu aliyesajiliwa iliyo kwenye simu. Ikiikubali picha hiyo, ondoka.

4. Daftari

Chini ya watu kumi, daftari linatosha, na fedha hiyo itumie kwingine. Udhaifu wake unaufahamu: ukurasa mzima umeandikwa saa 2:00 kamili, kwa kalamu ileile. Msimamizi apige mstari mwekundu muda ukifika, na anayeingia baada ya hapo asaini chini yake. Kazi ya kujumlisha saa ndiyo itakayokuchosha, hasa kukiwa na zamu na muda wa ziada.

5. Kadi peke yake, na saa ya kugonga kadi ya karatasi

Kadi ya kugusisha ni nyepesi kwa foleni, lakini mtu mmoja anaweza kugusisha za wanne, na zile rahisi zinazotumia mawimbi ya redio ya 125 kHz hunakiliwa bila taabu. Saa ya kugonga, ile inayochapa muda kwenye kadi ya karatasi na ambayo ukoo wake unaanzia kwa Willard Bundy, sonara wa Auburn, New York, mwaka 1888, ina udhaifu uleule.

Ukishachagua, mwambie muuzaji achomoe waya wa umeme mbele yako, asubiri dakika kadhaa, aurudishe. Angalia kama saa ya mashine bado ni sahihi. Ikiwa imerudi nyuma dakika saba, kila atakayeingia ataandikiwa uongo. Kisha mwombe atoe ripoti ya mwezi kwenye faili la Excel, na akuonyeshe mfanyakazi anaiona wapi rekodi yake mwenyewe kabla mishahara haijapigwa hesabu. Mwishoni mwambie asahihishe kosa moja: je, jina la aliyesahihisha linabaki, na muda wa awali unaonekana bado? Kama muda wa awali unafutika kabisa, mwombe akuonyeshe mashine nyingine.